Mnong'onezi wa Opera

Kazi yangu ni kukaa kishimoni mbele ya jukwaa na kuwanong'onezea waimbaji maneno wanayosahau.

Jumapili hiyo opera yetu ilirushwa redioni kwa mara ya kwanza, Buenos Aires nzima ikisikiliza. Ercilia, mke wangu, alibaki nyumbani na visikilizio vya redio masikioni. Kabla sijatoka alikuwa amejipulizia manukato. Manukato ya kusikilizia redio!

Katikati ya wimbo, mwimbaji mkuu akakwama. Akapiga goti mbele yangu, jasho likimchirizika juu ya poda.

"Neno, ndugu yangu! Nipe neno!"

Shingoni alinukia manukato yale yale.

"Kamuulize Ercilia," nikamjibu. "Si ndiye unayelala naye?"

Akatoa macho. Hakuwa akinitazama mimi. Alikitazama kipaza sauti cha redio, shubiri moja kutoka mdomoni mwangu.