Choo Kilichomshinda Koome

Kitu chenye waya hakijawahi kumshinda Koome. Hivyo ndivyo alivyojigamba jana jioni mbele ya majirani, na Nkubu nzima ilikuwa ikimwamini, mpaka leo asubuhi choo kilipokataa kuvuma.

Si choo cha shimo. Choo cha shimo hakina la kukataa. Hiki kilikuwa choo cha umeme ndani ya motahomu, gari-nyumba lenye kitanda, jiko na mapazia, ambalo kaka yake Marete aliliazima kazini ili aje amchukue mama yao akaishi naye Nairobi. Jana ukibonyeza kitufe, choo kilivuma kama mzinga wa nyuki, maji yakazunguka, mambo yakaenda zake. Leo ukibonyeza, kinakutazama tu.

Na bila choo hakuna safari. Mama yao, Marcella, alikuwa akimeza dawa za presha, zile za kumkimbiza mtu haja ndogo kila mara. Mwaka jana, alipokuwa akielekea huko huko Nairobi kwa basi, dereva alikataa kusimama karibu na Embu, na yaliyompata mama wa watu mbele ya abiria hayasimuliwi. Akaapa: gari lisilo na choo halimbebi tena, labda siku ya kumpeleka kaburini.

"Saa hii tungekuwa tumepita Embu," Marete alifoka kutoka mlangoni. "Jioni gari linatakiwa kazini. Wewe umelala tu hapo chini na bisibisi."

"Njoo ulale wewe."

"Si ulisema hakuna kitu ya waya inakushinda?"

"Hii haina shida ya waya. Ina kiburi, kama mwenye kuileta."

Koome hakuwa anatania. Hasira yake ilianza jana, choo kikiwa bado kizima, Marete aliposhuka garini, akamshika mama mkono na kusema, "Mama, umekonda. Huyu anakulisha nini?" Huyu. Yaani Koome, aliyemkorogea uji miaka yote hiyo, aliyembeba mgongoni hadi zahanati siku mto ulipofurika. Alilitafuna neno hilo usiku kucha kama nyama ya beberu mzee, na mpaka kunakucha lilikuwa halijamezeka.

Akapima betri: ina chaji. Akachungulia tangi: lina maji. Akafungua pampu, akaifunga, akaifungua tena, huku akiitukania ukoo wake wote. Alipoinuka, alikuwa akichechemea.

"Mguu umefanya nini?" Marete akauliza.

"Kiatu kinanibana. Ama unataka kukitengeneza?"

"Umeangalia fyuzi?"

"Fyuzi ndiyo nilianza nayo."

Marete, ambaye elimu yake ya umeme iliishia kwenye kuchaji simu, akatikisa kichwa kama anayeelewa.

Uani, Mwiti jirani alikuwa ameegemea ua, na nyuma yake watu wamejaa kama wamealikwa. "Koome, jaribu kuiombea," alisema. "Redio yangu uliitengeneza, mpaka leo inaongea Kisomali."

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Koome yakawaka moto. Jina alilolijenga kwa miaka mingi lilikuwa likibomolewa pale pale, na wabomoaji hawakuwa na haraka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa gari, kitambaa cha kanisani kichwani, begi magotini.

"Vumilia kidogo, Mama," Marete alimwambia. "Bado hujaingia ndani ukaona. Utalala njia yote kama malkia."

"Godoro lenyewe lina kifundo katikati," mama alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Marete alikuwa ameshatoa simu. "Namwita Mahamed kutoka Meru mjini. Huyo ni fundi wa mabasi, si wa redio."

Koome alitupa bisibisi ikagonga ngazi ya gari. "Mwite. Lakini mtu mwingine akigusa hizi waya nimefungua, halafu gari lishike moto mkiwa Embu na mama yuko ndani, usinipigie."

Marete akamtazama mama. Akaitazama simu. Akairudisha mfukoni polepole, kisha akageuka na kuinua sauti ili hata Mwiti asipitwe.

"Basi sema umeshindwa. Sema watu wasikie."

Hata kuku walionekana kusubiri. Koome alijifuta mikono kwenye suruali, akaangalia chini.

"Nimeshindwa."

Mwiti alicheka hadi akashikilia ua usianguke naye. Marete akamkumbatia mama, akamwambia atakuja tena Krismasi na gari zima, akampita Koome kana kwamba ni kigingi cha kufungia mbuzi. Motahomu likaserereka hadi barabarani na choo chake bubu. Watu wakatawanyika, kila mmoja akiwa na kichekesho cha kupeleka nyumbani.

Koome akachukua begi la mama, akaanza kuchechemea kuelekea nyumba yao. Mama akamfuata nyuma na kigoda chake mpaka walipofika mlangoni.

"Vua hicho kiatu," akamwambia, "utoe hiyo fyuzi kwa soksi kabla haijakukata. Asubuhi ukiingia kuinyofoa, mimi nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, najaribu godoro."