Mwani wa Jumamosi

Kenga alikuwa fundi wa tangi la samaki ambalo hakuruhusiwa hata kulitazama.

Alikaa barazani, nje ya nyumba ya marehemu Faraj katika Mji wa Kale, akaliuliza pazia la mlangoni, "Leo mwani uko vipi, mamangu?"

"Umezidi muno," likajibu pazia kwa sauti ya Bi Mwanakombo. "Kiyoo chote kijani. Hata samaki simuoni."

Alijibu papo hapo, wala hakuinuka kwenda kutazama. Kenga akashusha pumzi.

Bi Mwanakombo alikuwa kwenye eda. Mpaka itimie miezi minne na siku kumi tangu mumewe azikwe, mwanamume wa nje hana ruhusa ya kuvuka kizingiti chake. Kenga, Mgiriama wa watu na Mkristo wa kila Jumapili, aliiheshimu sheria hiyo kwa moyo mmoja. Lakini jamani, kuupiga vita mwani kwa mdomo tu, tena kupitia kitambaa cha maua, ni kazi ya kumtoa mtu mvi.

Na kazi yenyewe ilikuwa na ahadi ndani yake. Faraj alikuwa na kitatange mmoja, wa manjano na buluu, aliyemnunua kwenye godauni la samaki wa mapambo kule Shimanzi, alikofanya kazi Kenga. Miaka miwili Kenga alikwenda kwake kila Jumamosi alasiri kukwangua mwani kwa wembe, na kila Jumamosi akaukuta umerudi kana kwamba hakuugusa.

"Mwani wako una kiburi, mzee," alikuwa akilalamika.

"Basi rudi Jumamosi," Faraj alijibu kila mara, akimwongezea kahawa.

Mzee alipokuwa kitandani siku za mwisho, alimshika mkono. "Tangi langu lisife, Kenga. Na usikose Jumamosi hata moja." Kenga akaahidi huku akilia, maana alimpenda mzee yule kama babake.

Sasa ahadi ilikuwa ikimponyoka. Juma la pili la eda aliagiza dirisha lililo karibu na tangi lifunikwe, kwa kuwa mwani hupenda jua. Pazia likasema umeongezeka. Akaagiza kitatange apewe chakula punje chache tu, makombo yasioze majini. Umeongezeka. Akabeba jerikeni za maji safi ya bahari akaziacha kizingitini, akaleta na konokono kumi wenye njaa. Konokono nao, pazia likasema, walikuwa wamelala tu.

Kule godauni, Ogutu, mfanyakazi mwenzake, hakumwonea huruma. "Umeshindwa na majani, bwana? Achana nayo. Twende zetu Kisauni tukakate kiu, tembo la mnazi leo tamu."

Zamani Kenga ndiye aliyekuwa akiuongoza msafara huo wa Jumamosi, na kufika kwake nyumbani Buxton kulitegemea ni nani aliyemwokota. Siku hizi nafasi angeitoa wapi? Alikuwa na maji ya kupeleka Mji wa Kale kabla ya saa kumi na moja.

Mke mwingine angeuliza maswali, mumewe akishinda kwenye baraza la mjane. Priscah, aliyekuwa fundi cherehani Bondeni na akimshonea Bi Mwanakombo magauni tangu zamani, yeye alimpigia shati pasi. "Leo Jumamosi," alimkumbusha. "Wangojewa." Kenga akamshukuru Mungu kwa kumpa mke asiye na wivu.

Hata Bi Mwanakombo alikuwa na mazoea yake. Kabla ya habari za tangi, aliuliza kwanza, "Umetoka kazini ukaja moja kwa moja?" Kisha mahamri na kahawa zikasukumwa chini ya pazia, na mazungumzo hayakwisha mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Mwezi wa nne Kenga akachoka. Alikuwa amekonda. Kila akifumba macho alimwona kitatange wa mzee akihangaika ndani ya uji wa kijani.

"Mamangu, nimeshindwa," alisema. "Tafuta fundi mwengine."

Nyuma ya pazia kikombe kikagonga kisahani.

"Hakuna mwengine," likasema pazia. "Nitoke eda, utauona kwa mato yako."

Jumamosi ya kwanza baada ya eda, Kenga alifika na nyembe mpya, brashi mbili, na tafi mdogo ndani ya mfuko wa maji, samaki mlaji mwani hodari. Alikuwa amekuja vitani. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo. Bi Mwanakombo alikaa na wifi zake, akamwashiria aingie.

Maji ya tangi yalikuwa maangavu hata ungedhani hayamo. Kitatange, mnene wa kutosha kitoweo, alimsogelea kiooni. Mwani haukuwepo hata uzi mmoja.

Kenga akaweka brashi chini polepole. "Umeondoka lini?"

"Juma lile lile ulilosema nifunike dirisha. Fundi u fundi, mwanangu, usijitilie shaka."

"Na ile miaka miwili ya mzee?"

"Kila ukitoka, yeye alikuwa akifungua dirisha na kumwaga konzi ya chakula. Priscah ndiye aliyekuja kumuomba akushughulishe Jumamosi, hapo hapo uliposimama."

Kenga akatafuta pa kukaa.

"Mzee naye akaniusia mimi," akasema Bi Mwanakombo, akimmiminia kahawa, "mwani usiishe kabla ya kiu yako."