Paka wa Mposaji

Siku hizi posa haijibiwi mpaka paka wa mposaji asikilizwe. Tangu wanyama wavishwe kola za kusemea, nani atamwamini mshenga? Mshenga anakula pilau ya waliomtuma. Paka ndiye anayelala nyumba moja na mwanamume.

Basi akina Shaweji wakaja na paka wao mweupe kwenye kikapu. Mimi ni shangazi yake Mwanahamisi, anayeposwa na Shaweji, kwa hiyo kuuliza ni kazi yangu.

"Haya mwanangu, tuambie. Huyu bwana anakaaje nyumbani?"

"Ni mpole," kola ikasema. "Hunipa samaki. Hapigi kelele. Hajawahi kunipiga."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kaka yangu, baba wa binti, akainua mikono na kuanza dua.

Lakini mimi sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Paka wetu ukimuuliza neno moja tu, atalalamikia dagaa, atakusema unavyokoroma, atakuumbua mbele ya wageni. Huyu ni paka gani asiye na lalamiko hata moja? Na nani alimuuliza habari za kupigwa?

Nikainama nifunge kikapu. Paka hakunitazama mimi. Alimtazama Shaweji, masikio yamelala, na kola ikasema kwa sauti ndogo:

"Nimesema vizuri?"

Shaweji akatabasamu. Nikafungua mdomo niseme. Wakati huohuo dua ikaisha, na mdomo wangu, kwa mazoea, ukaitikia amina pamoja na wengine.