Orodha Ndani ya CPU

Fundi alimwambia aiache CPU, arudi Jumatatu. Regina akasema atasubiri hapohapo.

“Ni kazi ya saa tatu, dada.”

“Nina muda.”

Hakuwa nao. Basi la mwisho la kurudi Mugumu lilikuwa la saa tisa, na mtoto mgongoni alishaanza kujinyoosha. Lakini alikuwa ameipakata hiyo CPU njia nzima mpaka Tarime, imeviringishwa kwenye kitenge kama mgonjwa, na hakuwa tayari kuiacha ipotee machoni pake.

Ndani yake kulikuwa na orodha. Wasichana arobaini na mmoja: majina yao, vijiji walivyotoroka, nyumba walikofichwa. Mwaka ulikuwa wa kugawanyika kwa mbili, Desemba ilikuwa inakaribia, na kwa koo nyingi za huku huo ndio msimu wa kukeketa. Orodha ile ikiangukia mikono mibaya, wasichana wangefuatwa mmoja mmoja.

Nakala nyingine haikuwepo. Kompyuta ya kituo kilichowahifadhi, iliyonunuliwa kabla Regina hajaolewa, ilikuwa ikichukua nusu saa kuwaka, na wiki hiyo ikawa inazima kabla ya kufungua chochote. Mpya ilikuwa laki nane. Mkuu wa kituo alimpa laki moja na nusu, akamwambia ajaribu Tarime, ambako vipuri vya mtumba vinaingia kupitia mpaka wa Sirari na bei ni ya maelewano.

Fundi, jina lake Waitara, alikuwa mwanaume mkubwa asiyecheka. Alifungua mfuniko, akapuliza vumbi, akasema mashine bado inafaa. Angeongeza RAM, angeweka diski mpya, kisha angehamishia humo kila kilichokuwa kwenye ya zamani.

“Ya zamani niachie, nakupunguzia elfu ishirini.”

“Hapana.”

Akamtazama. “Kwani hii mashine ni ya wapi?”

“Ya shule,” Regina alidanganya. “Huko Mbalibali, Mugumu.”

Aliyempa nafuu ni mama yake fundi, bibi mchangamfu aliyekaa kwenye kigoda mlangoni akipukuchua mahindi. Regina alimpa shikamoo, na bibi akaitikia huku tayari amenyoosha mikono kumpokea mtoto. Akauliza kama ni wa kike. Regina akasema ndiyo.

“Basi umebeba zizi zima la ng’ombe wa mahari mgongoni, halafu unatembea umenuna.”

Regina akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha skrini ikawaka, na majina ya mafaili yakaanza kupita moja baada ya jingine. Waitara aliinama. Akasoma kitu, akakisoma tena. Halafu akaigeuza skrini ikatazama ukutani.

“Kuna nini humo?” mama yake aliuliza bila kuinua kichwa.

“Mitihani tu, mama.” Alimjibu mama yake, lakini macho yalikuwa kwa Regina.

Huyu mtu alikuwa ameona, na alikuwa anajua kwamba Regina anajua.

Tangu hapo fundi hakuongelea tena kompyuta. Kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na kazi, aliuliza kama mlinzi wa hiyo shule ni mwanaume. Akauliza ukishuka stendi ni mwendo gani mpaka getini. Regina alijibu ovyo ovyo, huku akipima kwa macho kama anaweza kukimbia na mtoto pamoja na lile bati zito.

“Na ndugu wakija na wazee wa ukoo,” Waitara alisema, “mnawapa mtoto wao?”

“Hatuwapi.” Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Hata aje nani.”

Waitara akaitikia kwa kichwa tu.

Mtoto akajichafua. Regina alisita. Bibi akamwambia bomba liko nyuma, aende tu, mali yake ataiangalia yeye. Akaenda, kwa sababu bibi alikuwepo. Alimsafisha mtoto mbiombio, maji yakamlowesha mpaka kiunoni, akarudi karibu anakimbia. Akamkuta Waitara ameinamia kibodi, anachapa kwa vidole viwili. Alipomwona, akaacha.

“Tayari,” alisema. Akapokea pesa bila kuhesabu. Akaifunga diski ya zamani kwenye gazeti, akamshikisha mkononi na kuukunja ule mkono kwa nguvu. “Hii usimpe mtu yeyote. Tutaonana Jumamosi.”

Regina hakuwa amepanga kuonana naye Jumamosi wala siku nyingine yoyote.

Bibi alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembeba mtoto, anamwimbia taratibu. Regina alikaribia kumwambia yote. Huyu ni mama, aliwaza, angeweza kumzuia mwanawe. Alishafungua mdomo basi likapiga honi.

Njiani alimpigia mkuu wa kituo. Alisema orodha imeonekana, wasichana wahamishwe usiku huohuo, wote.

Jioni, ofisini, kompyuta iliwaka kabla hajamlaza mtoto. Faili likafunguka papo hapo. Akaanza kuhesabu majina kwa kidole, akiogopa kukuta mengine yamefutwa.

Yalikuwa arobaini na mawili.

Akahesabu upya. Arobaini na mawili. Kila mstari ulikuwa na jina, umri, kijiji, aliyemleta msichana, nyumba alikofichwa, na anayemtafuta ili akamkekete. Akashuka mpaka mstari wa mwisho, ambao hakuuandika yeye. Nafasi ya nyumba ilikuwa tupu.

Precious Waitara. Miaka kumi na miwili. Nyarero. Aliyemleta: baba, Jumamosi. Anayemtafuta: bibi.