Mdhamini wa Nungunungu

Zamani za wanyama kuishi mjini, baraza la kuamua mashauri lilipungukiwa na mjumbe mmoja. Desturi ya mji ilikuwa kwamba kila anayekitaka kiti aje na mwenzake wa kumsemea. Tausi alikuja na ukoo mzima, wakamsifu mpaka mate yakawakauka. Nungunungu alikuja na Ngiri peke yake, na baraza likaguna, maana wote walijua hawasalimiani.

"Huyu si hasimu wako?" akauliza Kiboko, mwenyekiti.

"Ndiye," akajibu Nungunungu, kichwa juu. "Muulizeni."

Ngiri akasonya. "Mimi simpendi. Niligombea shimo na Mhanga, tukamwendea huyu atuamue. Nikamkumbusha kwamba mimi ni jirani yake, watoto wetu wanacheza pamoja. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema shimo ni la Mhanga. Na kweli lilikuwa la Mhanga. Nikipata shauri jingine nitampelekea yeye, ila chai yake sinywi."

Kiboko akamgeukia Tausi. "Na wewe, nani amekununia?"

"Hakuna, mheshimiwa. Wote wananipenda."

"Basi bado hujaamua neno."

Kiti akapewa Nungunungu. Ngiri akatoka, akampita pale mlangoni bila hata kumtazama. Nungunungu akasimamisha miiba yake yote kwa fahari, kwa kuwa katika pongezi zote za siku ile, hakupata iliyomkolea kuliko kununa kwa Ngiri.