Hasira ya Kurithi

Jirani wa ukuta mmoja anadai sufuria ndiyo iliyotangulia kutoka dirishani, ikafuata redio, halafu kiti, halafu ndipo akamsikia mke wa fundi simu akipiga kelele. Anaapa maji yaliyobaki ndani ya sufuria yalikuwa bado yanachemka. Alipoingia alimkuta fundi amemkaba mkewe shingo pale sakafuni, mkono wa mwanamke umebabuka mpaka kiwikoni. Meza ya simu za wateja, jirani anasema, haikuguswa.

Mama mkwe alifika asubuhi na dawa ya kupaka.

"Mwanangu, huyo si yeye," alisema, akimpaka mkwewe polepole. "Ni ugonjwa wa baba yake. Marehemu alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Ulipomwingia ubongoni, alinivunja mbavu. Viungo vilikuja kuchezacheza baadaye sana. Hasira ndiyo ilitangulia."

Mke aliyajua hayo. Ndiyo maana vikombe vya nyumba ile vyote vilikuwa vya plastiki, na kisu kililala ndani ya gunia la mkaa. Jino lilipong'oka, alisema ni ugonjwa. Mimba ilipotoka, alisema ni ugonjwa. Mgonjwa utamkimbiaje?

Ila safari hii alimsubiri mumewe mlangoni.

"Nenda kapime damu. Daktari anasema kuna kipimo, kinaonyesha kama umeurithi."

"Nikapime ili iweje? Dawa yenyewe hakuna!"

"Nijue ninauguza nini."

"Unataka unizike mapema, we mwanamke!"

Kofi likamtupa ukutani. Akainuka, akafuta damu puani kwa kanga.

"Usipopima, naondoka leo. Ukipima wakaukuta, nitakulisha kwa kijiko mpaka mwisho. Naapa mbele ya mama yako."

Mama mkwe akaangua kilio. Fundi akawatazama wote wawili, akasonya, akaanza kutafuta viatu vyake.

Siku ya majibu walikaa watatu kwenye benchi mbele ya daktari. Fundi jasho lilikuwa linamchuruzika. Mkewe alikuwa amemshika mkono kwa mkono wake mzima. Kule nje, wakisubiri, alikuwa ameshamuuliza muuguzi jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda.

"Hukuurithi," daktari akasema. "Huna, wala hutaupata."

Mama mkwe akaruka kutoka kwenye benchi. "Asante Mungu! Mwanangu mzima! Mwanangu ni mzima kabi..." Macho yake yakakutana na ya mkwewe. Akakaa chini.

Fundi alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. Hakuona kwamba mkono wake ulikuwa umeachiwa.

"Inuka basi, mke wangu," akasema. "Twende nyumbani."