Gia ya Mwalimu

Mwalimu alikanyaga breki, akapapasa mfuko wa shati, akavuta gia hadi kwenye D. Injini ikanguruma vizuri tu. Gari halikusogea hata shubiri.

"Gia," alisema. "Imegoma tena."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu. Binti yake, kitinda mimba aliyebaki naye nyumbani, alikaa kiti cha pembeni akitazama kucha zake. Alikuwa amezisugua kwa mswaki wa zamani mpaka zikauma, lakini kila akiziangalia aliona grisi.

"Miwani unayo machoni, Baba," alisema, maana ndivyo walivyomtania kila alipopapasa ule mfuko. Mzee hakucheka.

Ualimu wake haukuwa wa chaki. Alifundisha udereva miaka thelathini na minne, na nusu ya madereva wa mtaa ule walijifunza kurudi nyuma huku yeye akiguna pembeni yao. Alikuwa na msemo mmoja, na ole wako ulisingizie gari mbele yake: "Gari halina kosa. Kosa lina mikono miwili na miguu miwili."

Sasa mkasa wenyewe. Wiki tatu nyuma alikuwa akitoa gari getini kinyumenyume. Mtoto wa jirani, msichana wa miaka sita, alikuwa anapita na baiskeli yake, anaisukuma. Binti aliona yote kupitia dirisha la jikoni, akapiga ukelele. Tairi lilipanda juu ya baiskeli, likasimama shubiri moja kutoka kwenye mguu wa mtoto. Mwalimu aliteremka, akaangalia, akashika mlango asianguke. Majirani walipofika aliwaambia gia imejirukia yenyewe. Si mnazijua otomatiki hizi na kompyuta zake? Jioni ileile alinunua baiskeli mpya.

Binti alijua gia haikuruka. Ni macho. Lakini nani wa kumfunga paka kengele? Kaka zake walimjibu kwenye simu kwamba yeye ndiye anayeishi na mzee, basi aongee naye. Aongee nini? Mtu huyu ndiye aliyemshika mkono akamfundisha usukani. Aliona haya, akachagua njia ya mkato.

Mwaka uliotangulia gari liliwahi kugoma kweli, na fundi akawaita wote wawili, baba na binti, wainame chini ya boneti. "Hii plagi ndiyo masikio ya kompyuta ya gia," aliwaambia. "Ile fyuzi nyekundu ndiyo chakula chake. Ikikosekana moja kati ya hizo, mmebaki na kibanda cha kukalia." Siku hiyo walicheka. Basi, kesho yake baada ya ule mkasa wa baiskeli, baba akiwa anaoga, binti alifungua boneti akachomoa plagi.

Alidhani atapata amani. Wapi! Kila asubuhi mzee alikuwa akiliosha gari lisilokwenda popote. Hakumtembelea tena rafiki yake wa upande wa pili wa mji. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba. Binti alipotaja kumwita fundi, baba alisema fundi ana kazi nyingi, asisumbuliwe. Naye binti, kwa kuwa alikuwa na lake rohoni, hakusukuma.

Jumamosi hii ya tatu, mtoto wa jirani alipita getini na baiskeli mpya, akapunga mkono. "Babu, gari lako bado linaumwa?"

"Bado, mjukuu wangu," alijibu Mwalimu. Hakuweza kumtazama.

Hapo binti akashindwa. Njia ya mwongo ni fupi, baba huyuhuyu alimlea kwa maneno hayo.

"Baba, ni mimi. Nilichomoa plagi. Niliogopa utamgonga mtu. Nisamehe."

Alingoja kufokewa. Mikono ya mzee ilibaki juu ya usukani, uso umemsawijika.

"Umeirudisha?"

"Nairudisha sasa hivi."

"Hakuna haraka," alisema, lakini binti alikwishateremka. Alifungua boneti, akaisukuma plagi mpaka ikalia tak, akarudi kitini. Liwalo na liwe. Angempeleka kwa daktari wa macho, angemwendesha yeye mwenyewe popote atakapo, lakini kuubeba uongo ule wiki nyingine, hapana.

"Jaribu, Baba."

Mwalimu alikawia. Akakanyaga breki. Akapapasa mfuko wa shati. Akavuta gia hadi kwenye D, akaachia breki taratibu kama alivyowafundisha watu miaka yote ile.

Gari halikusogea.

Mzee alishusha pumzi. "Umeona?" alisema kwa upole. "Si wewe, mwanangu. Usijilaumu bure. Gari limekufa lenyewe."

Machozi yalimtoka. Alivua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa shati, na binti naye alikuwa analia, roho imemtua kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Utaichubua, Baba," alisema, na kwa mazoea akachomoa kikasha cha miwani kutoka mfukoni mwa mzee ili atoe kile kitambaa laini. Baba alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili. Ndani yake kulikuwa na fyuzi nyekundu.